Kompyuta ya steshenari inaganda kila siku tangu niongeze RAM, nimrudie muuzaji au shida ni nyingine?

DadaSteshenari

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjajibu, maana majibu ya haraka haraka nimeshapewa na yote yamenila hela.

Nina steshenari ndogo Changanyikeni, njia wanayopita wanafunzi wa Mlimani. Nachapa, natoa kopi, nabaindi tafiti. Kompyuta inayobeba duka ni ya mezani, mtumba, prosesa i5-3470, Windows 10 ya biti 64. Nilipoinunua ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi) moja ya GB 4. Kazi ilikuwa inafanya, ila nzito, na mara moja kwa wiki hivi ilikuwa inaganda mpaka niizime kwa kushikilia swichi. Nikajua ni uchache wa RAM. Mwanafunzi akija na faili la Word la kurasa 120 lenye picha na majedwali, huku WhatsApp iko wazi kwenye kivinjari tunapokea kazi za wengine, lazima mashine ilemewe.

Mwezi uliopita nikapanda mwendokasi hadi Gerezani, nikaingia Kariakoo, nikanunua RAM ya GB 8 kwa sh. 45,000. Kijana wa dukani nilimwonyesha picha ya ile ya zamani kwenye simu, akanitolea inayofanana. Nikaichomeka mwenyewe pembeni ya ile ya zamani, kompyuta ikasoma GB 12. Nilifurahi siku mbili.

Sasa hivi inaganda kila siku, siku nyingine mara tatu. Inavyoganda ni hivi: kioo kinabaki kama kilivyo, mshale wa mausi hausogei, saa ya pale chini kulia inasimama. Nikibonyeza Caps Lock taa yake haiwaki wala haizimi. Feni inaendelea kuzunguka kama hakuna kilichotokea. Haitoi ujumbe wowote. Mara mbili tu imeleta kioo cha bluu, ya kwanza imeandika MEMORY_MANAGEMENT, ya pili ilipotea kabla sijaisoma.

Jumatano alikuja binti wa mwaka wa tatu, ni siku ya mwisho ya kukabidhi utafiti wake. Tulikuwa tunapanga namba za kurasa, zile za Kirumi mwanzoni na za kawaida kuanzia sura ya kwanza. Saa nne na dakika kumi na saba ile saa ikasimama. Mara ya mwisho tulihifadhi saa tatu kasoro. Binti alikaa kwenye stuli yangu akalia kimya kimya, mkono kwenye mdomo. Tulirudia yote mpaka alasiri na sikumtoza hata senti, lakini roho inaniuma mpaka leo, kwa sababu kaja kwangu akiniamini.

Nimeshafanya haya: fundi wa mtaani alipiga Windows upya kwa sh. 20,000, kesho yake ikaganda. Fundi wa pili akasema ni joto, akasafisha vumbi na kubadilisha pesti ya prosesa kwa sh. 15,000. Ikaganda jioni ileile. Nikarudi Kariakoo. Kijana akaichomeka ile RAM kwenye mashine yake mbele yangu, ikawaka, akasema RAM yake nzima. Nilimjibu maneno mazito mbele ya wateja wake.

Naomba kujua: ni kweli GB 4 na GB 8 hazikai pamoja? Na nitahakikishaje mwenyewe bila kumlipa fundi wa tatu?

kibangu_boy

Pole dada. Hapo diski inakufa. Weka SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, ya GB 256 utanikumbuka.

mwalimu_wa_maabara

Kaka, SSD ni jambo jema na kompyuta yake itakuwa nyepesi, lakini dalili alizotaja si za diski. Diski ikichoka, mara nyingi mshale bado unasogea, taa ya diski inawaka bila kuzima, programu moja inakwama halafu nyingine zinafuata. Yeye anasema hata Caps Lock haiitikii. Hiyo ina maana mashine nzima imesimama, hakuna hata wa kupokea kibonyezo cha kibodi. Hapo anza na RAM, umeme wa ndani au mazabodi (bodi kuu ya kompyuta).

Dada, kuhusu swali lako la kwanza: GB 4 na GB 8 zinakaa pamoja bila shida kwenye mashine nyingi. Ukubwa hauna ugomvi, kinachogomba ni aina. Zima kompyuta, zitoe zote mbili, chukua tochi ya simu usome stika zake, kisha tuandikie hapa kila kitu neno kwa neno. Usituandikie tu "DDR3".

DadaSteshenari

Ahsante mwalimu. Nimezisoma.

Ya zamani: 4GB 2Rx8 PC3-10600U
Mpya: 8GB 2Rx8 PC3-12800U

Kuna namba nyingine ndefu chini yake lakini sioni kama zina maana.

FundiMsimbazi

Dada yangu pole sana, na hongera kwa kueleza vizuri. Watu wengi wanakuja kibandani kwangu na neno moja, "inastaki", nami naanza kuwahoji kama polisi.

Nianze na stika. Zote mbili zimeandikwa PC3, kwa hiyo ni DDR3, aina ambayo prosesa yako ya kizazi cha tatu inaitaka. DDR4 isingeingia hata ukilazimisha, pengo lake la chini liko mahali pengine. Herufi U mwishoni ni nzuri, ina maana ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ingekuwa R, hiyo ni ya seva, na kwenye mashine yako isingewaka kabisa. Nazitaja kwa sababu RAM za seva zinauzwa bei rahisi na watu wanadanganyika. 10600 ni kasi ya 1333, 12800 ni kasi ya 1600. Ukizichanganya, mazabodi inazishusha zote kwenye kasi ya ile ya polepole, kwa hiyo zako zinatembea 1333. Hilo peke yake halina madhara.

Kwa hiyo kwa kusoma stika tu, kijana wa Kariakoo alikupa kitu sahihi. Simtetei, inawezekana kabisa RAM ya aina sahihi ikawa mbovu. Lakini kuna sentensi yako moja nimeirudia mara tatu: kabla hujaongeza chochote, mashine ilikuwa inaganda mara moja kwa wiki.

Uchache wa RAM haugandishi kompyuta hivyo. RAM ikijaa, Windows inaanza kutumia diski kama akiba. Mashine inakuwa kobe, inakukera, lakini saa ya pale chini inaendelea kwenda na mwishowe inarudi. Kuganda kwa kufa kabisa ni ugonjwa mwingine, nao ulikuwepo kabla ya RAM mpya.

Wazo langu ni kwamba mbovu ni ile ya zamani. Najua utauliza mbona ilizidi baada ya kuongeza. Fikiria RAM kama rafu za vitabu, halafu rafu moja imeoza. Ulipokuwa na kabati moja, ile rafu ilikuwa inaguswa mara chache. Ulipoongeza kabati la pili, mashine ilipanga vitabu vyote upya, ikawa inagawa kazi kwa makabati yote mawili kwa zamu ili iende haraka. Ile rafu iliyooza sasa inabeba vitabu vya mfumo wenyewe. Ikikosea herufi moja hapo, nyumba nzima inaanguka.

Lakini hili ni wazo, na wazo halilipi kodi ya fremu yako. Pima. Hutalipa mtu.

Tafuta programu inayoitwa Memtest86+, ni ya bure. Iweke kwenye flashi ya hata GB 1 kwa kutumia Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwashia, kwenye kompyuta nyingine siyo hiyo, na flashi iwe haina kitu unachokihitaji kwa sababu itafutwa. Kisha:

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla hujagusa RAM. Toa zote mbili. Shika kwa kingo, usiguse yale meno ya dhahabu. Yasugue taratibu kwa ufutio safi wa penseli, pande zote, kisha pangusa makombo kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, unapeleka mate na unyevu, na hewa yetu ya pwani imeshapeleka wa kutosha. Wakati mwingine ufutio tu unamaliza kesi.

Rudisha moja tu, ile ya zamani. Sukuma mpaka vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe kwa mlio. Washa kwa flashi, acha ipime usiku kucha. Kesho fanya hivyohivyo kwa ile mpya, kwenye soketi ileile. Ukikutana na kosa, hamishia RAM hiyohiyo soketi nyingine upime tena. Kosa likiifuata RAM, RAM ni mbovu. Likibaki kwenye soketi, basi soketi au mazabodi ina shida, na hapo usiilaumu RAM.

Mambo mawili ya kuzingatia. Mzunguko wa kwanza wa Memtest ni mfupi, usiridhike nao, subiri angalau minne. Na idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Hakuna "kosa moja tu". Ukiona moja na likaifuata RAM, hiyo RAM imeshakwisha.

kibangu_boy

Fundi mbona hujataja ile ya Windows yenyewe? Unaandika mdsched pale kwenye kutafuta, inapima bila flashi.

FundiMsimbazi

Ipo na inafaa kuanzia, hasa kwa asiye na kompyuta ya pili. Ikikuambia kuna tatizo, iamini. Ikikuambia hakuna, usiiamini moja kwa moja. Nimeshapata RAM kadhaa zilizopita pale kwa kipimo cha kawaida zikaanguka Memtest mzunguko wa tatu, mashine ikishapata joto.

mama_junior_temeke

Samahani nadandia. Laptopu yangu ya Intel kizazi cha nne niliongezewa RAM ikakataa kabisa kuwaka, fundi kasema bodi imekufa. Ni kweli?

FundiMsimbazi

Usiitupe bado mama. Angalia stika kama imeandikwa PC3 au PC3L. Hiyo L ina maana inatumia volti 1.35, isiyo na L inataka 1.5. Laptopu za kizazi hicho zinataka yenye L. Irudishe ile ya mwanzo peke yake kwanza, ikiwaka bodi yako nzima.

mama_junior_temeke

Imewaka!!! Mungu akubariki. Ile niliyoongezewa haina L.

DadaSteshenari

Fundi, nimerudi na matokeo ya usiku tatu.

Usiku wa kwanza niliweka ile ya zamani peke yake. Nilibaki dukani mpaka saa tano nikiangalia. Mzunguko wa kwanza ukaisha safi, nikasema moyoni fundi amekosea, ni yule kijana. Saa nne na nusu, mzunguko wa pili, chini ya kioo ukajitokeza mstari, halafu mwingine. Kulikuwa na safu inayoonyesha kilichotakiwa kusomwa na kilichosomwa. Nilivisogelea na miwani, namba zilikuwa zinafanana zote isipokuwa tarakimu moja. Tarakimu moja! Nilikaa pale nikifikiria kurasa za yule binti. Asubuhi nilikuta makosa 11, na sehemu yalipotokea zote ziko karibu karibu, pale kwenye GB ya tatu kuelekea mwisho.

Usiku wa pili niliihamishia soketi nyingine kama ulivyosema. Umeme ulikatika saa saba usiku kukawa na kimya, ila mpaka hapo kulikuwa na makosa manne, mahali palepale. Yameifuata.

Usiku wa tatu ile mpya ya Kariakoo, soketi ya kwanza. Mizunguko mitano hadi nafungua duka. Makosa sifuri.

Nimeitoa ile ya zamani, nafanya kazi na GB 8 peke yake. Leo ni siku ya nne haijaganda. Na kwa GB 8 ni nyepesi kuliko hata nilivyotarajia.

Swali langu sasa: yule fundi alipiga Windows ile RAM mbovu ikiwa ndani. Je, Windows yenyewe iko salama? Na nina daftari langu la madeni kwenye Excel, miezi minane, lote limeandikwa na kuhifadhiwa kwenye mashine hiyo.

mwalimu_wa_maabara

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. RAM mbovu haisababishi kuganda tu. Kila faili unalofungua linapita kwenye RAM, na ukilihifadhi linaandikwa diskini kama lilivyo kwenye RAM, na kosa lake. Kompyuta haijui kwamba ni kosa.

Kwa Windows: fungua ile kioo nyeusi ya amri kama msimamizi, andika `sfc /scannow`, subiri. Itakagua mafaili ya mfumo na kurekebisha yaliyoharibika. Ikisema imeshindwa kurekebisha, ni heri upige Windows upya, safari hii na RAM nzima.

Kwa mafaili yako hakuna programu ya kukutafutia. Fungua moja moja. Lile linalokataa kufunguka utalijua lenyewe. La hatari ni linalofunguka vizuri lakini ndani kuna namba imebadilika. Excel ya madeni ilinganishe na daftari la mkono kama unalo.

FundiMsimbazi

Nakazia hapo kwa mwalimu. Na kama una nakala ya zamani kwenye flashi au ulijitumia WhatsApp, usiifute wala usiiandike juu yake mpaka umalize kulinganisha.

Ukitaka kurudi kwenye GB 12 au zaidi, usichanganye tena. Tafuta ya pili ya GB 8 yenye stika kama hiyo mpya, 2Rx8 PC3-12800U, ziweke kwenye soketi mbili za rangi moja kama bodi yako imezitofautisha kwa rangi. Kabla hujaianza kazi, zipime zote mbili pamoja usiku mmoja, kwa sababu kuna RAM mbili ambazo kila moja ni nzima peke yake lakini zikikaa pamoja zinagoma. Mwambie muuzaji mapema kwamba ikigoma utairudisha, muandikiane siku saba kwenye risiti. Muuzaji mzuri anakubali.

DadaSteshenari

Wapendwa, nimeona nirudi kuandika ilivyokwisha, kwa atakayepita hapa na shida kama yangu.

`sfc` ilikuta mafaili yaliyoharibika na imesema imeyarekebisha. Mafaili matatu ya wateja hayafunguki, yote ni ya kazi zilizokwishachukuliwa. Kwenye Excel ya madeni ninalo daftari, maana mama alinifundisha nisiache kuandika kwa mkono. Nilikaa na mdogo wangu Jumapili nzima, yeye anasoma daftari, mimi naangalia kioo. Mistari miwili haikuwa sawa. Mmoja ni mteja ambaye nilikuwa namdai sh. 1,500 na kioo kinasema hana deni. Wa pili jina la mtu limeharibika, herufi zimekuwa alama za ajabu. Sina hakika kama ni RAM au ni mimi nilikosea kuandika huo wa kwanza, ila huo wa pili si mkono wa mtu.

Jumatatu nikaenda Kariakoo. Nilimkuta yule kijana, nikamwambia mbele ya wateja wake, maana ndipo nilipomtukana: RAM yako ilikuwa nzima, mbovu ilikuwa yangu, naomba unisamehe. Alinyamaza kidogo, akanivutia stuli. Nikanunua nyingine ya GB 8, stika ileile, akaandika siku saba nyuma ya risiti bila mimi kumaliza kumweleza. Zimepimwa pamoja usiku kucha, sifuri. Zinasoma GB 16.

Binti wa mwaka wa tatu alipita jana kuchukua nakala ya pili iliyobaindiwa. Utafiti wake umepokelewa.

Ile ya GB 4 kuna mtu wa vyuma chakavu alitaka nimpe. Nimekataa. Mimi mwenyewe ilinifikia ndani ya mtumba, na yupo aliyeitoa kwake akijua. Nimeiandika MBOVU kwa maka peni pande zote mbili na nimeivunja kati kwa koleo.